Zéphirin Tshimanga na Miaka Thelathini na Minne ya Kupima Matundu

Jumamosi tarehe 30 Juni 1962, saa sita mchana, Bwana Zéphirin Tshimanga atafunga mlango wa chumba cha vipimo cha Ateliers Réunis ya Naviundu kwa mara ya mwisho. Siku hiyo atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne na miezi minne ya kazi. Katika muda huo karakana yetu imebadilisha wakurugenzi saba na mapaa mawili, lakini mtu wa chumba cha vipimo alibaki yuleyule, isipokuwa miezi mitano iliyoanza Septemba ya mwaka jana. Miezi hiyo nitaieleza mbele, maana siwezi kuiruka.

Mimi ninayeandika naitwa Dominique Musonda, mkereza vyuma, mzaliwa wa Sakania, mkoa huuhuu. Mhariri wa jarida letu aliniomba kurasa chache za furaha. Furaha ipo, na nitaanza nayo.

Bwana Zéphirin alizaliwa Kasai, yapata mwaka 1907, akasoma shule ya misioni hadi akawa na mwandiko ambao mpaka leo unawatia haya makarani wetu. Alishuka kwenye gari moshi hapa Elisabethville, mji ambao sisi wenyeji tunauita Lubumbashi kwa jina la mto wake, akiwa na sanduku moja la bati na nia ya kuwa karani. Badala yake alipewa kazi ya kugawa tupa na nyundo dirishani. Aliifanya miaka sita. Kila aliyechukua kifaa alitakiwa kueleza anakwenda kukifanyia nini, na asiyejua kueleza alirudi bila kifaa. Mkuu wa chumba cha vipimo wakati huo, Mbelgiji mmoja mzee aliyeitwa Hendrickx, alisikia ugomvi wa dirishani kila asubuhi, akatoka kuangalia ni nani huyo anayewasumbua watu, na mwaka 1934 akamchukua awe msaidizi wake.

Kwa wale ambao hawajawahi kuingia, chumba cha vipimo ni chumba kidogo upande wa kivuli, chenye meza ya jiwe iliyosawazishwa kama kioo na kabati mbili za vyombo. Kazi yake kubwa ni kupima upana wa ndani wa matundu: silinda, bushi, nyumba za beringi. Kupima chuma kwa nje si kazi ngumu sana, kwa sababu unaona unachokishika. Ndani ni jambo jingine. Chombo kinaingia mahali ambapo jicho halifiki, mkono ukiinama kidogo tu kinakupa namba ya uongo, na namba ya uongo inaandikwa kwa wino uleule wa namba ya kweli. Ndiyo maana Bwana Zéphirin alishikilia kwamba kazi ya kupima inaanza kabatini, pale unapochagua chombo.

Mtu akija dirishani na kusema, “Yaya, nipe kipimo ya ndani,” kwa jina tunalomwitia kaka mkubwa, hapati kitu. Kwanza ataulizwa tundu ni pana kiasi gani na lina kina gani. Halafu ataulizwa kosa gani linaruhusiwa. Kama ni nusu milimita, atapewa kompasi ya miguu iliyopinda na kuambiwa asipoteze muda wa watu. Kama ni sehemu ya kumi, kalipa. Kwa matundu mengi yanayofanana atapewa kizibo cha chuma, ambacho upande mmoja lazima uingie na upande wa pili lazima ukatae, na hapo hakuna namba ya kusoma wala ya kubishania. Kama kazi inataka sehemu ya mia ya milimita, basi ni mikromita ya ndani, au kile kipimo chenye saa ambacho mshale wake unacheza unapokitikisa ndani ya silinda. Swali la mwisho ndilo lililotuchosha sisi vijana: tundu hilo lilitengenezwaje? Tuliona anatuonea. Kipimo ni kipimo, inakuhusu nini lilivyotengenezwa?

Mulenga, ambaye leo ndiye mkereza wetu bora, mwaka 1949 alirudishwa mara tatu asubuhi moja. Mara ya nne alikuja na kipande chenyewe begani, kilo arobaini, akakitua dirishani na kusema kijijulishe chenyewe. Bwana Zéphirin alikishika kwa kiganja, akasema ni cha moto, na akamwambia akilaze juu ya jiwe mpaka baada ya chakula.

“Muiache ipumuzike,” alisema kwa Kiswahili chetu cha hapa, ambamo “njo” ni “ndiyo”. “Chuma ya moto inasema mambo mingi. Ya baridi njo inasema ukweli.”

Na mimi nina kisa changu. Mwaka 1951, wiki ya kufunga ndoa na mke wangu Claudine, pete aliyoitengeneza sonara ilikataa kupita kwenye kidole. Sonara aliapa kwamba pete ni sawa na kidole ndicho kilichovimba. Nilimpelekea Bwana Zéphirin vyote viwili, pete na Claudine. Alipima ndani ya pete kwa kipimo cha matundu madogo, akapima kidole kwa uzi, akaandika cheti chenye namba mbili na mhuri wa karakana. Sonara aliposoma cheti kile alipanua pete. Claudine amekihifadhi cheti pamoja na cheti cha ndoa, na anadai kwamba cha pete ndicho chenye nguvu zaidi.

Mwaka 1955 Bwana Hendrickx alirudi kwao, na Bwana Zéphirin akawa mkuu wa chumba, Mwafrika wa kwanza kwenye karakana yetu kushika funguo zote mbili. Chini yake hakikutoka kipande hata kimoja ambacho mteja alikirudisha kwa kosa la upana wa tundu. Nimeuliza ofisini ili nisitie chumvi, wakaniambia ni kweli.

Sasa nifike Septemba ya mwaka jana.

Siasa haina nafasi katika jarida hili, na sitaiingiza. Nitasema tu yaliyotokea kwetu. Wakati ule watu waliotoka Kasai, hata waliokaa hapa tangu ujana wao, walianza kuitwa wageni. Nyumba ya Bwana Zéphirin, aliyoijenga mwenyewe karibu na mto Naviundu na kukaa ndani yake miaka ishirini na miwili, ilichomwa Jumapili moja mchana, yeye na mkewe Mujinga wakiwa kanisani. Walikwenda na nguo walizovaa kwenye kambi ya wakimbizi pembeni ya mji, ambako maelfu ya watu wao walikuwa wamekwisha kukusanyika.

Siku nne baadaye Alphonse Kabwe, aliyekuwa anakaimu ukuu wa karakana, alituita watu tisa, Mulenga akiwemo, ofisini kwake. Mezani palikuwa na karatasi iliyosema kwamba sisi wafanyakazi tunaomba nafasi ya mkuu wa chumba cha vipimo ipewe mtu wa hapa. Alphonse hakutufokea. Alikuwa anatoka jasho. Alisema kuna watu wa nje wanaoisubiri karatasi hiyo, na kwamba isiporudi na majina wataanza kuuliza kwa nini.

Nilitia sahihi. Jina langu ni la tatu. Na kwa kuwa nilikuwa nimemsaidia Bwana Zéphirin mara kwa mara, mtu wa hapa aliyepewa nafasi hiyo nilikuwa mimi.

Nilikaa kwenye kiti chake wiki tano bila tatizo, kwa sababu kazi zilikuwa chache. Ndipo, mwishoni mwa Oktoba, ikaletwa pampu ya nyumba ya uzazi ya Naviundu. Bushi yake ya shaba, ule mrija mfupi ambamo shafti huzunguka, ilikuwa imekwisha, na kwa hali ya njia wakati ule, kuagiza nyingine Ulaya ilikuwa ni sawa na kuota. Tukaamua kuitengeneza wenyewe. Ni bushi nyembamba, upana wa ndani milimita themanini kamili. Mulenga alikereza ya kwanza, mimi nikaipima kwa kipimo chenye saa, juu, katikati na chini, nikikizungusha pande zote. Themanini kamili kila mahali. Tukaifunga. Pampu ilizunguka saa moja, ikapata moto, shafti ikakwama.

Tulitengeneza ya pili, na ya tatu, na ya nne. Kila moja nilipata themanini kamili, na kila moja ilikwama. Kwa kuwa vipimo vyangu vilisema tundu ni sawa, lawama iliangukia shafti, na shafti aliisaga Mulenga. Alphonse alimsimamisha kazi siku tatu. Mulenga aliondoka bila kuniangalia.

Wakati huo Mado, mkunga mkuu wa nyumba ile ya uzazi, alikuwa anatumia maji ya mtoni, yanayobebwa kwa ndoo na ndugu wa wazazi na kuchemshwa kwa kuni. Alikuja karakana siku ya kumi na moja. Hakuketi.

“Juzi nilipoteza mama moja,” alisema. “Homa. Sisemi ni maji tu. Nasema tu kwamba niko na wengine kumi na bane, na mikono yangu nainawa mu maji ya kuni. Hii pompi muko nayo tangu lini?”

Nilimjibu kwamba tunahangaika nayo. Akaniuliza nani alikuwa anapima vitu hapa zamani. Nikamwambia. Akauliza yuko wapi. Nikamwambia hilo nalo.

“Basi kwa nini uko unaniangalia miye?” alisema Mado.

Kesho yake nilikwenda kambini. Kufika hakukuwa shida sana kwa mtu wa kabila langu. Ilinichukua asubuhi nzima kumpata Bwana Zéphirin kati ya vibanda vya matawi, magunia na bati. Nilimkuta ameketi kwenye debe, shati lake limefuliwa na kufungwa vifungo vyote. Mama Mujinga alikuwa anapepeta unga. Aliniona kwanza yeye.

“Huyu njo Musonda,” alimwambia mumewe, kama vile sikuwepo. “Kiti yako alikwisha kukamata. Sasa anakuya kutafuta na akili yako.”

Nilikuwa nimetayarisha maneno tangu usiku. Yote yalipotea. Nikaanza kusema kuhusu ile karatasi, lakini Bwana Zéphirin aliinua mkono.

“Ile tutasema nyuma. Unatafuta kupima nini?”

Nikamweleza. Aliniuliza upana, nikasema themanini. Kina, nikasema. Kosa linaloruhusiwa, nikasema.

“Ulipima na nini?”

“Na kipimo ya saa, Yaya. Ile ya mikono mbili.”

“Na bushi, Mulenga aliishika namna gani ku mashini?”

Lilikuwa ni lile swali la mwisho, lililotuchosha ujanani. Nikamwambia bushi ilibanwa na taya tatu za mashine ya kukereza, kama kawaida. Alinyoosha mkono akachukua kopo tupu la maziwa lililokuwa karibu na jiko, akalishika mdomoni kwa vidole vitatu na kulibana kidogo.

“Angalia. Bushi yako ni nyembamba sawa hii kopo. Taya tatu zinaifinya. Mulenga anakata tundu, na pale ku mashini tundu ni ya muviringo muzuri. Halafu anafungua taya. Shaba inarudia kwake. Muviringo unaharibika, unapata pembe tatu. Kidogo sana, jicho haiwezi kuona.”

“Lakini nilipima pande zote, Yaya. Themanini kila pahali.”

“Sababu kipimo yako iko na mikono mbili. Mu tundu ya pembe tatu, kila pembe inaangaliana na bonde. Mukono moja ukiwa mu pembe, mwenzake uko mu bonde. Utazungusha mpaka kesho, utapata tu themanini. Haikukudanganya kwa ubaya. Haikuumbwa kwa ile kazi.” Aliliweka kopo chini. “Unakumbuka ile mikromita ya Uswisi? Ya miguu tatu? Na pete yake?”

Nilikuwa nimeiona ikitumika mara mbili tu maishani. Inakaa kabati ya chini, kwenye kisanduku cha mbao nyekundu, na kila mara kabla ya kazi lazima isawazishwe kwa pete ya mfano. Nilimwambia ukweli, kwamba sijui kuisawazisha. Nilipojaribu wiki ile miguu yake ilikuwa inateleza na kunipa namba tatu tofauti ndani ya pete ileile.

Alisimama kutoka kwenye debe. Mama Mujinga aliacha kupepeta.

“Hauendi,” alisema.

“Pompi ni ya nani?” Bwana Zéphirin aliniuliza.

“Ya nyumba ya uzazi. Kwa Mado.”

“Mujinga,” alisema kwa upole, “batoto betu babili balizaliwa mikononi mwa Mado.”

“Na nyumba yetu, nani aliichoma? Bantu ba wapi? Si ba palepale? Wataenda na weye vizuri, na kukurudisha hawatakurudisha.” Alinigeukia, na hapo ndipo aliponiangalia usoni kwa mara ya kwanza. “Weye, Musonda. Ukiitwa kutia jina yako tena ku karatasi, juu ya maiti yake, utakatala?”

Nilisema tu kwamba atafuatwa na gari la nyumba ya uzazi, na kwamba nitakaa upande wake wakati wa kwenda na wakati wa kurudi.

Siku iliyofuata gari la nyumba ya uzazi lilimfuata saa mbili asubuhi. Mado aliketi mbele. Bwana Zéphirin aliketi nyuma kati yangu na kreti ya chupa tupu. Kwenye kizuizi cha pili, pale barabara inapoingia mtaani, vijana sita walitusimamisha. Mmoja wao, mwenye panga, aliingiza kichwa dirishani na kumkazia macho Bwana Zéphirin.

“Huyu muzee ni muntu wa wapi?”

Mado alishuka garini taratibu, akafunga mlango, akasimama mbele ya yule kijana.

“Nakujua,” alimwambia. “Muke yako Bijou alizala kwangu mu mwezi wa tano. Mutoto mwanaume, alikuya na miguu mbele. Anaendelea muzuri?”

Kijana alisema mtoto anaendelea vizuri.

“Bijou akikuya kuzala tena, atakuta hakuna maji. Huyu muzee njo fundi ya pompi. Leo anaenda kutengeneza, na mangaribi nitamurudisha hapa hapa. Nitakuta weye?”

Kijana alitazama wenzake, kisha akasema ndiyo, atakuwepo. Wakatoa gogo barabarani. Mikono ya Bwana Zéphirin ilikuwa inatetemeka juu ya magoti, na ilitetemeka mpaka tulipofika getini.

Mashine zilizimwa moja baada ya nyingine alipoingia. Alphonse Kabwe alitoka ofisini na kusimama kizingitini. Bwana Zéphirin alimwamkia kwa jina, akamuuliza hali ya watoto, kisha akaenda kunawa mikono kwa sabuni mpaka viwikoni, kama alivyofanya kila asubuhi kwa miaka ishirini na saba. Alifungua kabati ya chini. Alipokuwa anafuta miguu ya ile mikromita kwa ngozi laini, mikono yake haikutetemeka tena.

Tulikuwa na haraka sote. Mado aliangalia saa yake. Bwana Zéphirin alilaza bushi ya nne na pete ya mfano bega kwa bega juu ya jiwe, akasema tusubiri muda wa saa mbili vifikie joto moja.

“Yaya, muda,” nilisema.

“Ulipima mara nne kwa haraka,” alijibu. “Ilikupa siku ngapi?”

Nilidhani saa zile mbili ndizo nafasi yangu ya kusema. Tulikuwa wawili tu chumbani. Nikamwambia kwamba nilitia sahihi, kwamba sikulazimishwa kwa nguvu, kwamba niliogopa.

“Najua,” alisema. “Jina yako ni ya tatu. Kuna muntu alinionyesha.” Aligeuza pete kidogo juu ya jiwe. “Tupime kwanza, Muloko.”

Muloko ni ndugu mdogo. Hakuwahi kuniita hivyo kabla ya siku ile.

Saa mbili zilipotimia aliniwekea chombo mkononi mwangu mwenyewe, akaushika mkono wangu kwa wake. Alinionyesha namna ya kukisawazisha ndani ya pete, kuzungusha kichwa chake cha nyuma mpaka kilie tik-tik, na kuacha miguu ijitafutie kati yenyewe bila kuisukuma. Mara tatu, namba moja. Kisha tukakiingiza kwenye bushi. Themanini na sehemu tatu za mia. Tukakigeuza kidogo, moja ya sita ya mzunguko. Themanini kasoro sehemu tatu za mia. Tukakigeuza tena, ikarudi ile ya kwanza. Pembe tatu zilikuwepo, kama alivyosema akiwa ameketi kwenye debe, bila kuiona bushi yenyewe.

Alimwita Alphonse aje asome kwa macho yake. Alphonse alisoma mara mbili.

“Basi shafti ya Mulenga haina kosa,” alisema.

“Haina,” alisema Bwana Zéphirin. “Na Musonda pia hakusoma vibaya. Alichagua chombo yenye haikufaa. Mutume muntu akamuite Mulenga.”

Mulenga alikuja mbio na nguo za nyumbani. Bushi ya tano haikubanwa na taya. Ilivalishwa ndani ya pete nene iliyopasuliwa, ikashikwa mwili mzima kwa usawa. Saa kumi jioni tuliipima kwa miguu mitatu, tukageuza, tukageuza tena. Themanini kamili, kila upande. Pampu ilifungwa kabla ya jua kuzama. Ilizunguka usiku wote, na hadi ninapoandika haijasimama tena isipokuwa kwa kutiwa grisi.

Alphonse alimwomba abaki. Bwana Zéphirin alijibu kwamba mkewe anamsubiri, na kwamba nafasi ile ina mtu. Tulimrudisha jioni ileile, kama tulivyoahidi. Yule kijana alikuwepo kizuizini. Aliuliza kama maji yametoka, akaondoa gogo mwenyewe. Mama Mujinga alikuwa amesimama mwisho wa njia ya kambi, na kwa jinsi alivyosimama nilijua hakuwa ameketi tangu asubuhi.

Kwa nini basi nimesema alikosekana miezi mitano tu? Kwa sababu nilikwenda kwa Alphonse siku iliyofuata na kumwambia kwamba kiti kile sikistahili, na kwamba jina langu litoke kwenye karatasi. Aliogopa. Akasema tungoje. Vita vya Desemba vilipita juu ya vichwa vyetu sote. Mulenga naye aliondoa jina lake, na wengine wanne. Februari ya mwaka huu Alphonse alichana ile karatasi mbele yetu, akaenda kambini yeye mwenyewe, kwa miguu, kumwita Bwana Zéphirin arudi. Sijui waliambiana nini. Alphonse alirudi macho mekundu, na Jumatatu yake Bwana Zéphirin alikuwa dirishani akimrudisha mtu bila kifaa.

Miezi hii mitano amekuwa akilala kwenye chumba alichopewa na Mado nyuma ya nyumba ya uzazi. Ametufundisha, mimi na Mulenga, kila chombo cha kabati zile mbili, na kila kimoja kinafaa wapi na kinadanganya wapi. Daftari aliloliandika kwa mwandiko wake ule litabaki mezani. Mama Mujinga aliondoka Mei na ndege ya wakimbizi kwenda Kasai, kwenye nchi aliyoiacha akiwa msichana. Mumewe atamfuata Jumanne ya wiki ijayo.

Kabla ya kuipeleka makala hii kwa mhariri nilimpa aisome. Nilitegemea angefuta sehemu ya karatasi, kwa sababu yeye ni mtu wa kusitiri aibu ya wengine. Hakuifuta. Alisahihisha kina cha bushi, nilichokuwa nimekikosea, na kwa kuwa msomaji hana haja nacho nimekitoa kabisa. Halafu akaniambia, “Andika tena kwamba tulikuwa bote na woga. Na Alphonse. Na ule kijana wa panga. Usiandike kwamba ni miye peke yangu.”

Nimeandika.

Kwa niaba ya karakana nzima namshukuru Bwana Zéphirin Tshimanga kwa kila kipande kilichotoka hapa kikiwa sawa, na kwa kila mmoja wetu aliyemrudisha dirishani mpaka akaelewa anachokitafuta. Kwa niaba yangu mwenyewe namwomba radhi hapa, ambapo kila mtu atasoma. Mama Mujinga bado hajatusamehe, na hatumwombi aharakishe. Atakaposomewa kurasa hizi, tunataka ajue tu kwamba yaliyotokea yameandikwa kama yalivyotokea.

Yaya Zéphirin, safari njema hadi Kasai. Tunakutakia afya, usingizi mzuri, wajukuu wenye maswali mengi, na nyumba ambayo hakuna mtu atakayekuja kukutoa ndani yake.